Sentimita Mbili au Mita Tano? Vipokezi vya Satelaiti na Mipaka ya Ardhi Pwani ya Lindi

Katika vijiji vya Kilwa kauli ya "GPS imesema" imepata uzito wa hukumu. Shida ni kwamba GPS husema mengi. Simu ya kijana wa kijiji huweza kuonyesha kona ya shamba chini ya mkorosho, kifaa cha mkononi cha bwana misitu kikaiweka hatua sita kando, na kipokezi cha mpima wa halmashauri kikataja mahali pa tatu. Ikipekuliwa ramani ya zamani, kona hiyo hiyo inaweza kuangukia mita 300 mbali. Wananchi wakiona hivyo huhitimisha moja kati ya mambo mawili: kuna mtu anadanganya, au kinachotakiwa ni chombo cha bei kubwa zaidi.

Mahitimisho yote mawili yana kasoro. Uchambuzi huu unaeleza jinsi vipokezi vya usahihi wa juu vilivyofika hapa vilipo, unazipima hoja nne zinazoshindana kuhusu matumizi yake, na kuuliza lipi linafaa kwa pwani inayoanzia Somanga hadi mji wa Lindi, mahali ambapo ardhi ya thamani ya kiwanda cha gesi na msitu wa mpingo vimo katika mkoa mmoja.

## Kwa nini swali hili limeiva sasa

Ardhi ya Lindi imebadilika bei na matumizi kwa haraka. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kusafirishwa kwa bomba mwaka 2004. Likong'o, karibu na mji wa Lindi, Serikali ilitenga zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika. Kilwa Masoko, jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023. Kabla ya hayo yote, vijiji vya Mavuji na jirani zake viliona takriban hekta 34,000 zikielekezwa kwa kampuni ya Kiholanzi ya BioShape kwa kilimo cha mibono, mradi uliokwama na kuacha maswali kuhusu ardhi ya kijiji inaanzia wapi na kuishia wapi.

Upande wa pili kuna misitu. Shirika la MCDI lenye makao Kilwa Masoko lilisaidia vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi, na mwaka 2009 vijiji vya kwanza, Kikole na Kisangi miongoni mwao, vilipata kuingia katika cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu cha FSC. Cheti hakitolewi kwa msitu usio na mpaka unaoelezeka. Mipaka hiyo ilihitaji kuchorwa, na kifaa kilichokuwa mkononi kilikuwa GPS ndogo ya kutembea nayo.

Kwa hiyo teknolojia moja inaitwa kufanya kazi tofauti kabisa: kupima kiwanja cha mjini, njia ya bomba, fidia, msitu, na kina cha bandari. Mkanganyiko wa wananchi unaanzia hapo, kwa kudhani kwamba kazi zote hizo zina kipimo kimoja cha usahihi.

## Safari ya kipokezi kutoka mita 100 hadi sentimita 2

Satelaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978, na mfumo ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Kwa muda mrefu raia walipewa huduma iliyochafuliwa kwa makusudi, yenye kosa linaloweza kufika mita 100. Uchafuzi huo ulizimwa Mei 2000, na kwa siku moja vifaa vya mkononi duniani kote vikaboreka hadi mita 10 au chini ya hapo bila mwenye kifaa kugusa chochote. Leo kipokezi kizuri husikia pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, iliyokamilika mwaka 2020.

Lakini sentimita zilipatikana kwa njia nyingine. Kipokezi cha kawaida hupima muda ambao msimbo unatumia kusafiri kutoka satelaiti iliyo kilomita 20,200 juu. Kipande kimoja cha msimbo wa kiraia wa GPS kina urefu wa karibu mita 293. Kipokezi kikikigawa vizuri hadi asilimia moja, kinabaki na mita tatu, na hapo ndipo simu nyingi hugota. Vipokezi vya upimaji hupima wimbi lenyewe linalobeba msimbo. Wimbi hilo, kwa masafa ya L1, lina urefu wa sentimita 19, na asilimia moja yake ni milimita mbili.

Faida hiyo ina gharama yake. Mawimbi yote yanafanana. Kipokezi hujua kimefikia sehemu gani ya wimbi la mwisho, ila hakijui ni mawimbi mazima mangapi yamo kati yake na satelaiti. Sehemu kubwa ya ubunifu wa miaka arobaini iliyopita imekuwa ni namna ya kupata hesabu hiyo upesi. Vipokezi vya mwanzo vya miaka ya 1980, kama Macrometer na TI 4100, vilizidi dola 100,000 na vilihitaji kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja upimaji wa papo kwa papo, RTK: kipokezi kimoja, beisi, husimama juu ya alama inayojulikana, kingine, rova, hutembea na mpima. Kwa kuwa vyote viwili vinaona satelaiti zile zile kupitia anga karibu ile ile, makosa yanayofanana hufutana.

Mpima akisimama Nangurukuru na rova yake, skrini huanza kwa kuandika Float, maana yake hesabu ya mawimbi bado inakisiwa na kosa linaweza kuwa nusu mita au zaidi. Baada ya sekunde kadhaa huandika Fixed, na kosa hushuka hadi sentimita moja au mbili. Mpima mwenye haraka anayechukua bikoni, yaani alama ya mpaka, kwenye Float amebeba chombo cha mamilioni na kufanya kazi ya GPS ya mkononi.

## Hoja ya kwanza: kila mpaka upimwe kwa sentimita

Wanaotetea msimamo huu, wengi wao wakiwa wapima wenye taaluma, wana hoja nzito. Ramani ya upimaji chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inadai bikoni na viwango. Ardhi ya bei rahisi leo ni ya bei ghali kesho. Aliyepimiwa kwa mita tano Likong'o mwaka 2000 asingefurahia kulipwa fidia kwa ramani hiyo. Kupima mara mbili ni ghali kuliko kupima mara moja kwa uhakika. Mradi wa kitaifa wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, LTIP, uliopewa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia Desemba 2021, umewapa nguvu wanaosema kwamba sasa fedha za kufanya kazi hiyo vizuri zinapatikana.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Wilaya ya Kilwa peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000 za nchi kavu. Beisi moja huhudumia kwa uhakika kilomita 10 hadi 20. Mbali zaidi, anga la beisi na la rova huanza kutofautiana. Seti ya beisi na rova ya kampuni kubwa imezoea kuzidi dola 10,000, kabla ya gari, mafuta, posho na betri. Zaidi ya hayo, chini ya majani ya msitu wa Nanjirinji mawimbi hukatika na kuruka kutoka kwenye magogo, na chombo ghali kinaweza kukaa kwenye Float mchana kutwa.

## Hoja ya pili: simu na GPS ya mkononi zinatosha

Upande wa pili unasema mpaka ni makubaliano, na kifaa ni kalamu tu ya kuyaandika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inatambua ardhi ya kijiji kwa misingi kadhaa, mmojawapo ukiwa mipaka waliyokubaliana majirani. Iringa, kuanzia mwaka 2014, vijana wa vijiji walifunzwa kurekodi mashamba kwa simu katika mradi wa MAST uliofadhiliwa na Marekani, na hati za hakimiliki za kimila zikatolewa kwa wingi na kwa gharama ndogo. Mwanamke mwenye shamba la ufuta aliye na hati yenye kosa la mita tatu yuko salama kuliko aliyeahidiwa sentimita mbili ambazo hazijafika.

Hoja hii ina nguvu pale vipande ni vikubwa. Chukua msitu wa kijiji wa hekta 60,000 wenye umbo la mraba: mzunguko wake ni karibu kilomita 98. Hata kosa la mita tano likielekea upande mmoja kote, tofauti ni hekta 49, chini ya asilimia 0.1 ya msitu wote. Hakuna fundi wa misitu atakayeona athari yake kwenye mavuno ya mpingo.

Geuza sasa hesabu hiyo kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 pale Kilwa Masoko. Kosa la mita tatu kwenye upande mrefu linameza mita za mraba 90, yaani asilimia 15 ya kiwanja. Hapo pana choo, uzio au chumba kizima cha mtu. Kwa shamba la hekta mbili lenye urefu wa mita 200, kosa lile lile linakuwa asilimia tatu: linavumilika kwa kilimo, halivumiliki ikiwa bomba linapita na kila mti unathaminiwa. Msimamo wa pili, kwa hiyo, ni sahihi vijijini na hatari mijini, na watetezi wake mara nyingi hawaonyeshi mstari wa kutenganisha.

## Hoja ya tatu: kipokezi cha bei nafuu kimemaliza mjadala

Tangu mwaka 2018 mambo yamebadilika. Kampuni ya Uswisi ya u-blox ilileta kipande cha F9P, chenye kusikia masafa mawili na mifumo minne ya satelaiti, kwa bei ya kipande isiyofika dola 300. Programu huria ya RTKLIB, iliyoandikwa na Mjapani Tomoji Takasu, ilikuwa tayari imeonyesha kwamba hesabu ya mawimbi haihitaji siri ya kiwanda. Leo kipokezi kamili cha aina hiyo, pamoja na antena na betri, kinapatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani, na penye anga wazi matokeo yake hukaribiana sana na ya vipokezi vya majina makubwa.

Hoja hii inavutia, hasa kwa halmashauri zenye bajeti nyembamba na kwa wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Ardhi Morogoro wanaotaka kujiajiri. Udhaifu wake ni wa aina tatu. Antena hafifu hupokea kwa urahisi mawimbi yaliyogonga paa za mabati. Udhamini na ukaguzi wa kifaa ni mdogo, wakati mahakamani mpima huulizwa kifaa chake kilihakikiwa lini. Na kubwa kuliko yote, bei ya chini imevifikisha vifaa kwa watu wasiojua kuweka beisi.

Kosa la beisi linahitaji kutazamwa kwa karibu. Vipokezi vingi vina kitufe kinachoruhusu beisi ijikadirie yenyewe mahali ilipo. Ukikibonyeza, beisi huchukua nafasi yenye kosa la mita mbili au tatu na kuiamini kama kweli. Rova nayo huandika Fixed, na pointi zote za siku hiyo zinapangana kwa sentimita moja, zikiwa zote zimehama mita mbili au tatu kwa pamoja. Ramani itapendeza, pembe zitafunga, eneo litakuwa sahihi. Atakapokuja mpima mwingine na beisi nyingine, viwanja vya kitongoji kizima vitapanda juu ya barabara.

## Hoja ya nne: satelaiti zenyewe zilete masahihisho

Njia ya nne huondoa beisi. Januari 2023 Galileo ilitangaza huduma yake ya usahihi wa juu, ya bure, inayotuma masahihisho kutoka angani kwa lengo la kosa lisilozidi sentimita 20 kwa mlalo. Kwa wilaya yenye intaneti ya kusuasua nje ya barabara kuu, hiyo ni habari njema: hakuna redio, hakuna data, hakuna mlinzi wa beisi.

Masharti yake ni manne. Kipokezi lazima kisikie masafa ya E6, ambayo vipokezi vingi vya bei nafuu havisikii. Lazima kusubiri dakika kadhaa ili hesabu itulie, na kuanza upya kila miti inapokatiza. Sentimita 20 hazitoshi kwa kiwanja cha mjini. Na nafasi inayotolewa ni ya mfumo wa dunia wa siku hiyo, jambo linalotufikisha kwenye kiini cha mkanganyiko.

## Kile ambacho hakuna kipokezi kinachokitibu

Chanzo kikubwa cha tofauti zinazoonekana Kilwa si ubora wa chombo. Ni mfumo wa marejeo, msingi ambao koodineti zimejengwa juu yake.

Ramani za zamani za Tanzania, zikiwemo zile za 1:50,000, zimejengwa juu ya Arc 1960. GPS hutumia WGS84. Kwa pwani ya Lindi, koodineti za Arc 1960 zikiingizwa kwenye kipokezi kilichowekwa WGS84, zitampeleka mtu karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi ya mahali penyewe. Kwenye ramani hiyo ni milimita sita tu. Uwanjani ni kitongoji kingine. Tanzania ina mfumo mpya, TAREF11, uliofungamanishwa na mfumo wa dunia, lakini mafaili ya vijiji yenye namba zisizotaja mfumo bado yanaweza kumponza mtaalamu yeyote.

Cha pili, ardhi yenyewe inatembea. Pwani yetu imebebwa na bamba la Somalia, linalosogea kuelekea kaskazini mashariki kwa karibu sentimita tatu kila mwaka kwa mujibu wa mfumo wa dunia. Kwa miaka kumi ni sentimita 30. Mpima anayetumia huduma ya Galileo bila kurudisha koodineti zake kwenye TAREF11 atagombana na bikoni ambayo haijaguswa na mtu, na kosa halitakuwa la bikoni.

Cha tatu ni kimo. Kipokezi hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia, na umbo hilo hapa pwani liko juu ya usawa wa bahari. Simamisha rova kwenye mchanga wa Kilwa Masoko, miguu ikiwa mikavu, nayo itaandika zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Bila modeli ya jioidi, yaani uso wa usawa wa bahari, ya kugeuza namba hiyo, takwimu za bandari, za madaraja yaliyosombwa na mafuriko ya kimbunga Hidaya Mei 2024, au za mmomonyoko unaotishia magofu ya Kilwa Kisiwani, haziwezi kulinganishwa na maji ya bahari.

Cha nne ni jua. Tabaka la ionosfia karibu na ikweta huvurugika hasa baada ya magharibi, zaidi katika miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba. Dhoruba ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilivuruga RTK za matrekta ya wakulima Marekani katikati ya msimu wa kupanda. Kwa pwani ya Lindi funzo ni la vitendo: kazi ya sentimita ifanywe mapema mchana, na pointi muhimu zipimwe mara mbili kwa nyakati tofauti.

## Kuziweka kwenye mizani

Hoja nne hizi zinaonekana kugombana kwa sababu kila moja inaangalia ardhi tofauti. Zikipangwa kwa thamani ya kosa, ugomvi mwingi unaisha. Msitu wa kijiji na mpaka wa kijiji na kijiji unatoshewa na mita tatu hadi tano, mradi wazee wa pande zote waupite kwa miguu na muhtasari usainiwe. Shamba la hati ya kimila linastahili chini ya mita moja, kiwango ambacho kipokezi nafuu au huduma ya Galileo inakifikia. Kiwanja cha mjini, njia ya bomba na eneo la fidia vinadai sentimita, beisi juu ya alama rasmi, na mpima aliyesajiliwa. Bandari na kingo za bahari zinadai sentimita pamoja na kimo kilichorekebishwa.

Kwenye matumizi ya fedha, mpangilio huo unaleta uamuzi usiopendwa na wauzaji wa vifaa. Shilingi ya kwanza iende kwenye vituo vya kudumu vya marejeo, vyenye kipokezi kisichohamishwa na masahihisho yanayotolewa kwa kila mpima. Vituo vichache vilivyowekwa mahali kama Somanga, Kilwa Masoko na Lindi vingewatumikia wenye chombo ghali na wenye chombo rahisi kwa usawa, vingezima kosa la beisi inayojikadiria, na vingeileta TAREF11 hadi kwenye rova. Gharama yake ni umeme, intaneti, ulinzi na mtumishi wa kuvitunza mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo miradi ya wafadhili hulegea baada ya uzinduzi. Kwa vijiji vya ndani vilivyo mbali na vituo hivyo, RTK ya kukodi kwa wiki au huduma ya Galileo itabaki kuwa njia ya busara.

Shilingi ya pili iende kwenye masjala. Kila koodineti katika masjala ya ardhi ya kijiji iandikwe pamoja na mfumo wake, tarehe, aina ya kifaa, hali ya Fixed au Float, na kadirio la kosa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na koodineti isiyo na maelezo hayo ni mali ya aina hiyo. Hatua hii haigharimu zaidi ya fomu na mafunzo ya siku chache, lakini ndiyo itakayomwezesha hakimu au baraza la ardhi la kijiji kujua kama mita mbili za ubishi ni hila ya jirani au ni kosa la kawaida la simu.

Kuna jambo moja ambalo mizani hii haiwezi kulimaliza. Katika suala la BioShape, swali zito lilikuwa nani mwenye mamlaka ya kutoa ardhi, wanakijiji walielewa nini, na malipo yalipita mikononi mwa nani. Mpaka uliopimwa kwa sentimita unaweza kutumika kumlinda mwanakijiji, na unaweza vilevile kutumika kuharakisha uhamisho wa ardhi yake. Usahihi humpa nguvu yule anayeshika nakala ya ramani na anayeweza kuisoma.

## Kwa muhtasari

Vipokezi vya satelaiti vimeshuka bei na kupanda ubora kiasi kwamba chombo si kikwazo kikuu tena pwani ya Lindi. Kupima kila mpaka kwa sentimita kunaheshimu thamani ya baadaye, lakini hakutekelezeki kwa eneo lote. Simu zinafikisha hati kwa wengi, lakini zinaumiza penye viwanja vidogo na fidia. Vipokezi nafuu vinaziba pengo la katikati kwa sharti la mafunzo, na huduma za bila beisi zinafaa mbali na barabara kwa sharti la kurejesha koodineti kwenye TAREF11. Tofauti za mamia ya mita zinatokana na mfumo wa marejeo. Za mita mbili tatu, na msimbo au beisi iliyowekwa vibaya. Za sentimita kadhaa, na mwendo wa bamba au hali ya anga. Kijiji kinachotaka mpima kianze kumuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza chapa ya chombo: koodineti hizi ni za mfumo gani, beisi imesimama juu ya alama gani, na kosa lake ni kiasi gani. Mpima asiyeweza kuyajibu kwa maandishi asiruhusiwe kuchimbia bikoni.